Redio ya mkononi yenye GPS: namna ya kuifanya betri idumu, na namna ya kudai haki yako ikigoma

Redio ya mkononi yenye GPS inafanya kazi mbili kwa betri moja: inazungumza, na muda wote inasikiliza setilaiti. Ndiyo maana kiongozi wa watalii aliyezoea redio ya kawaida hushangaa akikabidhiwa yenye GPS. Ile ya zamani ilifika jioni. Hii mpya inaanza kulia saa nane mchana, kundi bado limo ndani ya msitu wa Bwindi, Uganda. Mara nyingi betri yenyewe haina ubaya. Tatizo ni mipangilio, au chaja, au uchafu kwenye vibati vya kupitisha umeme. Na betri inapokuwa mbovu kweli, mwenye redio anafika dukani bila risiti, bila tarehe na bila kipimo chochote. Anaambiwa ameitumia vibaya, na hana la kujibu.

Mambo haya mawili yanatibiwa na kitu kimoja, nacho ni daftari. Anayejua betri yake ilitoa saa ngapi mwezi wa kwanza anajua imeanza kuchoka lini, na mwenye duka hawezi kumzungusha.

Kila betri iwe na namba

Kabla ya kuchaji betri mpya hata mara moja, bandika kipande chembamba cha plasta mgongoni mwake na uandike kwa kalamu isiyofutika: B1, B2, B3, pamoja na tarehe ya kuanza kutumika. Plasta isiguse vibati wala mpira wa kuzuia maji. Betri ikikaa upande hata kidogo, maji yatapata njia.

Kisha soma maandishi ya kiwandani. Betri nyingi za redio huchapwa mwaka na wiki ya kutengenezwa. Lithiamu huzeeka hata ikiwa ndani ya boksi, kwa hiyo betri iliyokaa stoo ya mabati miaka mitatu si mpya, hata kama nailoni yake haijafunguliwa. Omba nyingine hapo hapo kaunta.

Daftari liwe na safu tano: tarehe, namba ya betri, saa ya kuwasha, saa iliyolia au kuzimika, na mahali. Usiache safu ya mahali. Betri ile ile haitatoa saa sawa kwenye jua la Moroto na kwenye barafu ya Rwenzori, na bila kujua ilikuwa wapi utalaumu betri isiyo na kosa.

Siku ya kwanza fanya jaribio hili, na ulirudie kila baada ya miezi mitatu kwa namna ile ile:

1. Chaji betri redio ikiwa imezimwa, mpaka taa ya chaja ioneshe imejaa. Itoe, iache ipoe saa moja.
2. Pima volti kwa multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme. Pakiti ya volti 7.4, ambayo ndani ina seli mbili, ikijaa husoma kati ya 8.2 na 8.4. Ikisoma chini ya 8.0 baada ya saa moja tu, ama chaja haimalizi kazi yake ama seli moja imechoka. Angalia alama za + na −, kwa sababu betri nyingi zina vibati vitatu au vinne na si vyote ni vya umeme. Ncha za multimita zisigusane.
3. Washa redio pamoja na GPS, iweke mahali inapoona anga, mwanga wa skrini uwe wa chini.
4. Kwa kutumia redio ya pili, kila baada ya dakika 10 zungumza kwa sekunde 30, kisha sikiliza kwa sekunde 30.
5. Andika saa inapolia kwa mara ya kwanza na saa inapozimika. Kama huna siku nzima, endesha jaribio kwa saa nne kamili, iache ipoe, pima volti na uandike.

Hizo sekunde 30 zina sababu yake. Watengenezaji wa redio wanapoandika kwenye boksi kwamba betri inadumu saa fulani, kwa kawaida wanahesabu asilimia 5 ya muda kuzungumza, asilimia 5 kusikiliza na asilimia 90 kukaa kimya. Sekunde 30 katika dakika 10 ni asilimia 5 barabara. Kwa hiyo kipimo chako kinalingana na cha boksi, na dukani hakuna wa kusema ulizungumza kupita kiasi.

Umeme unakwenda wapi

Tuchukue redio ya wati 5 yenye betri ya 2,200 mAh (miliampia-saa, kipimo cha umeme ambao betri hubeba). Ili itoe wati 5 kwenye antena, inavuta karibu wati 11 kutoka kwenye betri, maana zaidi ya nusu inapotea kama joto. Hiyo ni kama miliampia 1,500. Ikipokea na spika inalia, tuseme 400. Ikiwa kimya na GPS imewashwa, 100. Redio yako itatofautiana kidogo, lakini uwiano ni huo.

Kwa matumizi ya boksi, wastani ni 75 + 20 + 90, yaani miliampia 185. Ukigawa 2,200 kwa 185 unapata karibu saa 12. Sasa chukua siku ya kazi kweli: makundi manne ya watalii, wafuatiliaji wa sokwe mbele, gari linasubiri barabarani. Hapo unazungumza asilimia 15 ya muda na kusikiliza asilimia 20. Wastani unapanda hadi miliampia 370, na betri ile ile iliyojaa inakwisha kwa saa 6. Haijaharibika. Imefanya kazi mara mbili.

Punguza nguvu ya kurusha hadi wati 1, ambako redio nyingi huvuta karibu miliampia 700, na siku hiyo hiyo yenye mazungumzo mengi inakupa karibu saa 9. Hakuna mpangilio mwingine unaorudisha saa nyingi namna hiyo, na ndio wa kwanza kubadilisha.

Watu huogopa wati 1 wakidhani hawatasikika. Katika milima ya Kigezi kinachozuia sauti ni mlima wenyewe, na wati 5 hazitoboi mlima. Panda hatua hamsini hadi mgongo wa kilima, simamisha redio wima, antena iwe juu ya kichwa, zungumza kwa wati 1. Ukikosa jibu hapo ndipo uongeze nguvu, na ukimaliza uishushe.

Mipangilio, kwa uzito wake

Baada ya nguvu ya kurusha, angalia utumaji wa mahali ulipo. Redio hizi zinaweza kuwatumia wenzako nukta yako kwenye ramani, na kila kutuma ni kurusha. Ikituma kila sekunde 30, na kila mara ikarusha kwa sekunde moja, hiyo ni nyongeza ya karibu miliampia 50 mchana kutwa, nusu ya inachokula ikiwa kimya. Weka kila dakika 5 na gharama inashuka hadi miliampia 5. Kundi linalotembea kilomita 2 kwa saa kwenye msitu mnene husogea kama mita 170 katika dakika 5, na kwa umbali huo utampata mtu kwa sauti. Kwa doria ya boti Ziwa Victoria hesabu ni nyingine, kwa kuwa boti huenda mbali haraka. Huko weka dakika 1 na ubebe betri ya akiba.

Jambo la tatu hupuuzwa sana: kelele za chaneli. Redio ina usingizi mfupi mfupi wa kuokoa betri, inalala na kuamka mara nyingi kwa sekunde, lakini hailali kama inasikia kitu. Kizuia kelele kikiachwa wazi, au ukiwa kwenye chaneli yenye watu wengine bila toni ya kuchuja (alama ya sauti inayofungua redio za kundi lako tu), haipati usingizi hata dakika moja. Hali ni ile ile ukiiacha ipekue chaneli kumi bila kusimama, au ukiwasha kurusha kwa sauti bila kubonyeza kitufe. Njia ya mwisho ni mbaya zaidi, kwani upepo wa ziwani ukipiga maikrofoni redio inarusha yenyewe.

Skrini: mwanga asilimia 30, izimike baada ya sekunde 15. Bluetooth zima kama huna kifaa cha sikioni. Dira ya kielektroniki na rangi za ramani hazina uzito wa kukushughulisha.

Upande wa GPS, zima marekebisho ya WAAS na EGNOS, mifumo ya setilaiti za kusahihisha kipimo cha mahali, kama menyu yako inayo. Ya kwanza ilijengwa kwa ajili ya Amerika Kaskazini na ya pili kwa Ulaya, kwa hiyo redio inayoyatafuta ukiwa Kisoro inachosha betri bure. Kuhusu kuwasha na kuzima GPS yenyewe, wengi hukosea. Wanaizima ili kuokoa umeme, kisha wanaiwasha ndani ya msitu, na inahangaika robo saa bila kupata kitu. Kila setilaiti hutuma taarifa za njia yake kwa mzunguko wa sekunde 30, na majani mabichi yakikata mawimbi katikati, redio husubiri mzunguko mwingine. Orodha nzima ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu kupokelewa. Kwa hiyo washa GPS mahali pa wazi, kwenye maegesho ya Buhoma au Rushaga, subiri ishike setilaiti vizuri, ndipo uingie. Kama redio ilikaa kabatini miezi mingi au imeletwa kutoka nchi nyingine, ipe dakika 15 za anga tupu.

Kuchaji

Umeme wa Uganda ni volti 240. Redio nyingi za aina hii huletwa na ndugu au mgeni kutoka Marekani, ambako soketi ni volti 120. Geuza chaja usome mgongoni kabla ya kuichomeka. Ikiandikwa INPUT 100–240V, inahitaji plagi tu. Ikiandikwa 120V pekee, itaungua, na wakati mwingine itaondoka na betri. Adapta ya plagi haipunguzi volti, unahitaji transfoma.

Umeme ukikatika, chomoa chaja. Kinachoua chaja ni ule mshtuko wa umeme unaporudi, kuliko giza lenyewe. Kwa jenereta, iwashe kwanza, ingoje itulie, kisha chomeka. Kwenye gari tumia chaja ya gari ya redio hiyo, na ujue kwamba malori na mabasi mengi ni ya volti 24, wakati chaja ndogo nyingi zimetengenezwa kwa volti 12.

Kambini panapotegemea jua, hesabu ni rahisi. Betri ya volti 7.4 yenye 2,200 mAh hubeba wati-saa 16. Redio nne ni 65, na ukijumlisha hasara za njiani, kama 90. Paneli ya wati 20 kwa saa 5 za jua zuri hutoa 100 kwa makaratasi, na kwa kweli 70 au 80. Nunua ya wati 30, yenye kidhibiti chaji na betri ndogo ya kuhifadhi umeme. Usichaji redio moja kwa moja kutoka kwenye paneli, kwa kuwa wingu likipita chaja huanza upya kila mara, na nyingine husema betri imejaa kabla haijajaa.

Joto na baridi ndivyo vinavyokula umri wa betri. Chaja nyingi hukataa kuchaji betri iliyozidi nyuzi 45. Stoo ya mabati au dashibodi ya Land Cruiser mchana inafika huko bila shida, na taa nyekundu inayowaka na kuzima mara nyingi inasema hivyo tu. Ipoze kivulini, usiiweke kwenye friji. Kinyume chake, ukipanda Rwenzori kuelekea kilele cha Margherita, mita 5,109, betri ya akiba iwe mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. Betri iliyozimika kwa baridi hurudisha nguvu kidogo ikipashwa hivyo. Usiichaji ikiwa chini ya nyuzi 0, lithiamu hujipaka ndani ya seli na madhara hayo hayarudi nyuma.

Redio isiyotumika miezi miwili ihifadhiwe ikiwa na chaji nusu, betri imetolewa, mahali penye ubaridi. Ikijaa kabisa huzeeka haraka, na ikiwa tupu hushuka mpaka kinga ya ndani ikaizima moja kwa moja.

Kwa wenye redio za betri za AA, kama Garmin Rino 120, au pakiti ya AA inayouzwa kando kwa Rino za mfululizo wa 600: za kuchaji, yaani NiMH, zina volti 1.2, na za alkali zina 1.5. Menyu ikiachwa kwenye alkali wakati umeweka NiMH, kipimo kitaonesha betri inakwisha wakati bado ina nusu. Badilisha aina ya betri kwenye mipangilio ya mfumo. Usichanganye mpya na kuukuu, wala aina mbili pamoja.

Ikisumbua: tafuta mkosaji kabla ya kwenda dukani

Unahitaji redio mbili za aina moja na chaja mbili. Hamisha betri inayosumbua kwenye redio nzima. Tatizo likihama nayo, betri ndiyo mbovu. Likibaki kwenye redio ya kwanza hata kwa betri nzima, redio ina tatizo. Likitoweka baada ya kuchaji kwenye chaja ya pili, ni chaja. Andika matokeo kwenye daftari kwa namba: "B3 kwenye redio 1 na 2, inazimika zote." Sentensi hiyo moja hukuokolea safari mbili za Kampala.

Dalili moja ni ya kawaida sana: kipimo kinaonesha betri imejaa, ukibonyeza kitufe cha kuzungumza redio inazimika na kuwaka upya. Kwa wati 1 inafanya kazi, kwa wati 5 inakufa. Umeme upo, lakini hauwezi kutoka kwa kasi inayotakiwa. Ama seli zimezeeka, ama njia imeziba. Toa betri, tazama vibati vya shaba kwenye mwanga wa pembeni. Utaona utando mweupe au wa kijani pembezoni, na katikati mstari mmoja unaong'aa mahali chemchemi ya redio inapogusa. Mstari huo ukiwa mwembamba kama uzi, umeme wote wa kurusha unapita hapo. Sugua kwa kifutio cha penseli, futa kwa pamba yenye spiriti, subiri dakika tano, kisha inua kidogo sana chemchemi zilizolala upande wa redio. Usitumie msasa, utaondoa dhahabu nyembamba inayozuia kutu. Redio za wavuvi na za boti zifanyiwe hivi kila wiki, kwa sababu ute wa samaki hukauka kama gundi.

Antena nayo ichunguzwe. Iliyovunjika ndani hurudisha nguvu kwenye redio. Redio inapata moto, betri inakwisha, na hakuna anayekusikia.

Betri iliyovimba ijulikane mapema. Ilaze kwenye kioo au meza bapa. Ikibembea, au ikihitaji nguvu kuingia mahali pake, imevimba. Acha kuichaji siku hiyo hiyo, iweke nje ya nyumba mbali na vitu vinavyoshika moto, na usiitoboe wala kuitupa kwenye moto wa takataka.

Redio ya zamani inayoonesha tarehe ya ajabu haina tatizo la betri. Hesabu ya wiki za GPS hurudi sifuri kila baada ya wiki 1,024, mara ya mwisho ilikuwa 6 Aprili 2019, na vifaa visivyosasishwa vilichanganyikiwa. Dawa ni programu mpya ya ndani kutoka kwa mtengenezaji.

Kuhusu mafundi wanaofungua pakiti na kubadilisha seli: inawezekana, na wapo wanaoijua kazi. Lakini seli hazichomelewi kwa risasi na pasi ya moto, joto hilo huziharibu. Zinahitaji mashine ya kuchomelea vibati, na bodi ya kinga irudishwe. Muulize fundi mambo hayo mawili. Ukiona seli ya ukubwa wa 18650 imeandikwa 6,000 mAh au 9,900, ni uongo, nzuri kabisa huishia karibu 3,500. Na kama unafanya kazi penye gesi au petroli, kwenye bohari ya mafuta au maeneo ya uchimbaji mafuta ya Tilenga na Kingfisher, redio yako huenda ni ya aina isiyotoa cheche. Betri yake isifunguliwe na fundi yeyote, na isibadilishwe ukiwa ndani ya eneo la hatari.

Kununua kwa namna itakayokulinda

Huduma kwa mteja huanza siku ya kulipa. Uliza: dhamana ni ya nani, ya duka au ya mtengenezaji? Betri imo? Dhamana ya kawaida ya Garmin kwa vifaa vya mkononi ni mwaka mmoja, na betri inahesabiwa kama kitu cha kuisha, hivyo hailipwi isipokuwa kasoro ni ya kiwandani. Kampuni nyingine hutoa muda tofauti kwa redio na kwa betri. Risiti iandikwe namba ya mfululizo ya redio, si "redio 4" tu. Piga picha risiti na namba hiyo, kwa sababu karatasi ya mashine hufifia ndani ya miezi.

Ukinunua ng'ambo, dhamana inaweza kufungwa na eneo ulilonunua. Na kuna jambo zito zaidi: Garmin Rino na nyingi kama hizo zimepangwa kwa masafa ya MHz 462 hadi 467 ambayo Marekani imewapa wananchi wake. Hapa masafa hugawiwa na Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2013. Duka likuoneshe kwamba aina hiyo ya redio imeidhinishwa, nawe uwe na leseni ya masafa. Redio isiyo na karatasi ni vigumu kuilalamikia popote.

Kuandika malalamiko yanayojibiwa

Anza kwa ujumbe wa maandishi, hata kama duka liko jirani. Simu haiachi alama. Usieleze hasira, eleza vipimo:

"Habari za kazi, ndugu. Nilinunua redio nne kwenu tarehe 3 Machi, risiti na namba za mfululizo nimeambatanisha. Betri B3 iliyojaa ilidumu saa 11 mwezi wa kwanza. Sasa inadumu saa 4 kwa matumizi yale yale. Nimeijaribu kwenye redio mbili na chaja mbili, inazimika zote. Vibati vimesafishwa. Redio haijaingia maji wala kufunguliwa. Naomba betri nyingine chini ya dhamana, na mnijulishe lini niilete. Asante."

Pamoja na ujumbe, tuma picha ya daftari, picha ya multimita juu ya betri, na toleo la programu ya ndani, ambalo kwenye Rino hupatikana chini ya mipangilio, sehemu ya kuhusu kifaa. Fundi wa huduma atakuambia kwanza urejeshe redio kwenye hali ya kiwandani. Fanya hivyo kabla hajakuambia, lakini hifadhi kwanza alama zako za njia kwenye kompyuta, maana zitafutika.

Siku ya kukabidhi, omba karatasi ya kupokelea yenye namba ya mfululizo, vitu ulivyoacha na hali yake: "skrini haina ufa". Kama hawahitaji antena, chaja na mkanda, rudi navyo nyumbani.

Wakikaa kimya, tuma tena ujumbe ule ule baada ya siku saba. Wakigoma, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inataka bidhaa iwe ya ubora unaokubalika na ifae kwa kazi uliyomweleza muuzaji, kwa hiyo ulipokuwa unanunua ni vizuri uwe umeandika kwamba unaitaka kwa siku nzima ya msituni. Madai yasiyozidi shilingi milioni 10 yanaweza kupelekwa kwenye utaratibu wa madai madogo mahakamani, bila kulazimika kuwa na wakili. Kwanza unampa mdaiwa notisi ya siku 14. Mara nyingi notisi hiyo, ikiwa na vipimo, inatosha.

Ikibidi redio ipelekwe nje ya nchi, uliza kampuni ya usafirishaji kabla ya kufunga mzigo. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama shehena kwenye ndege za abiria, na kwenye ndege za mizigo chaji yake isizidi asilimia 30. Ikiwa ndani ya redio masharti ni mepesi, ila redio iwe imezimwa na kitufe kisiweze kubonyezeka. Abiria anaweza kubeba betri za akiba kwenye begi la mkononi, kila moja isizidi wati-saa 100, vibati vimefunikwa kwa plasta. Betri iliyovimba haipandi ndege kwa namna yoyote. Ipige picha ikiwa mezani pamoja na rula, mtumie mtengenezaji, na uombe ibadilishwe bila kurudishwa.

Redio ikirudi, linganisha namba ya mfululizo na ya risiti kabla ya kusaini, kwani wakati mwingine unarudishiwa redio nyingine. Kisha angalia masafa. Kituo cha huduma huirudisha na chaneli za kiwandani, na ukibonyeza kitufe bila kuangalia utakuwa unarusha kwenye masafa ambayo leseni yako haiyataji.